Gia Iliyogoma Mlimani: Uchambuzi wa Kisa Kimoja katika American Truck Simulator

Kisa ninachokichambua hapa kilitokea katika mchezo wa kompyuta wa kuendesha malori, na kilidumu kwa sekunde 19 hivi, tangu nilipokanyaga klachi lori likiwa katika mwendo wa kilomita 43 kwa saa hadi liliposimama katikati ya mlima na kuanza kurudi nyuma na tela lake. Injini haikuzima, breki hazikuwa na hitilafu, na mafuta yalikuwemo. Kilichotokea ni kwamba gia ilikataa kuingia mara tatu mfululizo, na mara ya tatu ilikataa ingawa mizunguko ya injini ilikuwa sahihi kabisa kwa gia niliyoitaka. Ni mara hiyo ya tatu iliyonifanya nirudie kutazama kipande kile cha rekodi usiku kucha, kwa sababu kila nilichokuwa nimejifunza kuhusu giaboksi za Kimarekani kilisema kwamba ilipaswa kuingia.

Mchezo wenyewe ni American Truck Simulator, uliotolewa Februari 2016 na SCS Software ya Prague, kampuni ileile iliyotoa Euro Truck Simulator 2 mwaka 2012. Nilikuwa katika jimbo la Colorado, lililoongezwa kwenye mchezo Novemba 2020, nikipanda barabara ya I-70 kuelekea handaki la Eisenhower ambalo katika dunia halisi liko kwenye mwinuko wa mita 3,400 hivi kutoka usawa wa bahari. Lori lilikuwa Peterbilt 389 lenye injini ya nguvu ya farasi 450, giaboksi ya Eaton Fuller ya gia 18 na difu ya uwiano wa 3.55. Uzito wa jumla ulikuwa tani 36, ambao ndio ukomo wa kawaida wa barabara kuu za Marekani, yaani ratili 80,000. Nyumbani natumia usukani wenye pedali tatu na leva ya gia yenye nafasi sita za kwenda mbele, na nilikuwa nimeongeza programu ya nje iliyotengenezwa na wachezaji, ambayo kazi yake ni kuifanya gia ikatae pale mizunguko ya injini isipolingana na mwendo wa gari. Bila programu ya namna hiyo, katika mipangilio ya kawaida, leva ikifika mahali pake gia huingia, na dereva hajui kama amekosea au la.

Msomaji aliyezoea malori ya Ulaya anahitaji kuelewa jambo moja kwanza, kwa sababu mzizi wa kisa uko hapo. Giaboksi nyingi za Ulaya zinazobadilishwa kwa mkono zina pete za sinkro. Pete hizo hugusana kabla meno ya gia hayajakutana, zikasawazisha mizunguko ya pande mbili kwa msuguano, kisha gia ikateleza ndani. Dereva hukanyaga klachi mara moja, akavuta leva, basi. Eaton Fuller ya gia 18 haina pete hizo katika sehemu yake kuu. Meno hukutana uso kwa uso, na kama upande mmoja unazunguka kwa kasi tofauti na mwingine, gia inasaga na kugoma. Kazi ambayo pete za sinkro zingeifanya inabaki kwa mguu wa dereva juu ya pedali ya mafuta na sikio lake juu ya injini.

Gia hizo 18 hazikupangwa katika nafasi 18 za leva. Leva ina nafasi sita: ya kurudi nyuma, ya gia ya chini kabisa ya kuanzia mizigo mizito, na nne za kawaida. Juu ya kichwa cha leva kuna swichi mbili zinazofanya kazi kwa upepo. Ya kwanza hubadilisha kundi: ikiwa chini, nafasi nne za kawaida ni gia ya kwanza hadi ya nne, ikiwa juu, nafasi zilezile zinakuwa ya tano hadi ya nane. Ya pili hugawa kila gia nusu mbili, na tofauti kati ya nusu na nusu ni asilimia 17 hivi ya mizunguko. Katika maandishi haya nitaandika 5C kwa nusu ya chini ya gia ya tano na 5J kwa nusu ya juu, na kadhalika kwa nyingine. Kwa hiyo nafasi ya juu katikati ni ya kwanza na pia ni ya tano, na nafasi ya chini kulia ni ya nne na pia ni ya nane. Mkono hauwezi kutofautisha. Kinachotofautisha ni swichi, na hilo naomba likumbukwe.

Sasa kisa chenyewe. Nilikuwa nimetoka kushusha nusu gia, kutoka 6J kwenda 6C, kwa kuchelewa, na mwendo ulikuwa umeshuka hadi kilomita 43 na mizunguko hadi 1,300 hivi kwa dakika. Nikaingiwa na hofu kwamba itaendelea kushuka. Nikaamua kupangua gia niende 5J, badiliko linalohitaji leva itoke nafasi ya chini katikati iende nafasi ya juu katikati huku swichi ya nusu ikitoka chini kwenda juu. Nikakanyaga klachi, nikainua mguu kwenye mafuta, nikasukuma leva. Ikagoma.

Uwiano wa 6C katika giaboksi hii, yaani idadi ya mizunguko ya injini kwa kila mzunguko mmoja wa shafti inayotoka kwenye giaboksi, ni 1.62, na wa 5J ni 1.95. Kwa mwendo wa kilomita 43, injini ilipaswa kuwa kwenye mizunguko 1,550 hivi ili 5J iingie. Mimi nilikuwa nimeondoa mguu kwenye mafuta, kwa hiyo mizunguko ilikuwa inashuka kuelekea ile ya injini isiyokanyagwa, wakati gia ilikuwa inadai ipande. Nilifanya kile ambacho giaboksi yenye sinkro ingenisamehe. Hilo ni kosa la kawaida na linaeleweka.

Mara ya pili nilijua kwamba lazima nipandishe mizunguko, nikakanyaga mafuta, lakini klachi ilikuwa bado chini. Hapa ndipo wachezaji wengi, nami nikiwamo kwa muda mrefu, wanapokosa kuelewa maana ya kukanyaga klachi mara mbili. Klachi ikiwa chini, injini imetenganishwa na giaboksi. Unaweza kuinguruma injini utakavyo, lakini shafti ya ndani ya giaboksi, ambayo ndiyo inayopaswa kuongezewa kasi, haipati habari yoyote. Ndiyo maana dereva wa giaboksi isiyo na sinkro hukanyaga klachi, huweka leva katika gia huru, huachia klachi, hukanyaga mafuta ili injini iivute shafti hadi kasi inayotakiwa, kisha hukanyaga klachi tena na kuingiza gia. Hatua ya kuachia klachi katikati ndiyo yenye kazi. Anayeiruka anakuwa amefanya mazoezi ya miguu tu. Madereva wazoefu wa Marekani wengi huacha kabisa kutumia klachi wakati wa kubadilisha gia gari likitembea. Huipunguzia injini mzigo, wakatoa gia, wakalinganisha mizunguko kwa sikio na kuingiza. Klachi wanaiweka kwa ajili ya kuondoka na kusimama. Tena haishauriwi kuikanyaga hadi chini kabisa gari likiwa linatembea, kwa sababu mwisho wa safari ya pedali kuna breki ndogo ya klachi iliyowekwa kusimamisha shafti gari likiwa limesimama, na kuitumia barabarani ni kuila. Mimi nilikuwa nikiikanyaga hadi sakafuni kila mara, kwa kuwa pedali ya nyumbani haina breki hiyo na hakuna kitu cha kuniambia niache.

Wakati haya yakiendelea, lori halikuwa linanisubiri. Kwenye mlima wa asilimia 6, yaani unaopanda mita 6 kwa kila mita 100, lori la uzito wowote lililo katika gia huru hupoteza takribani kilomita 2.3 za mwendo wake kwa kila sekunde. Mvutano wa dunia ndio unaofanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, na ukinzani wa matairi unaongeza kidogo. Nilipokwisha kugombana na 5J, sekunde sita na nusu zilikuwa zimepita na mwendo ulikuwa kilomita 28. Gia niliyokuwa nikiitafuta haikuwa tena gia inayofaa.

Nikafanya uamuzi ambao hadi leo naona haukuwa mbaya: niliacha 5J na kwenda moja kwa moja 4J. Uwiano wake ni 2.73, na kwa kilomita 28 unadai mizunguko 1,410 hivi. Nikaachia klachi katika gia huru, nikakanyaga mafuta hadi mshale ukagusa 1,400, nikabonyeza kitufe cha kundi, ambacho kwangu kilikuwa kwenye usukani, kwa kidole gumba cha kushoto, nikavuta leva kwenda nafasi ya chini kulia. Kila kitu kilikuwa sawa. Gia ikagoma. Nikajaribu tena na mizunguko ileile. Ikagoma. Nikaendelea kujaribu hadi kilomita zikawa sifuri, na tela likaanza kuvuta kichwa nyuma.

Mjomba wangu alikuwa ameketi nyuma yangu kwenye kochi. Aliendesha Scania kati ya Dar es Salaam na Tunduma kwa miaka mingi, na baadaye Freightliner iliyotumika, ya giaboksi ya Fuller, kwenye njia hiyohiyo hadi Zambia. Hakuwa na maoni mengi kuhusu picha wala milima ya Colorado. Alichosema ni hiki: “Mjomba, hiyo si ya nne. Hiyo ni ya nane.”

Nilimjibu kwamba kitufe nilikibonyeza. Akasema, “Ulikibonyeza mara mbili. Nimesikia.”

Rekodi ilimthibitisha. Programu ile ya nje huonyesha pembeni mwa skrini kundi lililochaguliwa, na katika kipande kile kundi linashuka kwa sehemu ndogo ya sekunde, kisha linarudi juu. Kitufe cha usukani wangu kilikuwa kimewekwa kama kitufe cha kugeuza: ukibonyeza mara moja kundi linashuka, ukibonyeza tena linapanda, na kikishaachiwa kinarudi mahali pake bila kubakisha alama yoyote. Katika haraka ile sikuhisi kama kimepokea, nikakibonyeza tena. Kuanzia hapo leva ilikuwa inaomba 8J, yenye uwiano wa 0.73, ambayo kwa kilomita 28 inadai mizunguko chini ya 400, kiwango ambacho injini haiwezi hata kukishikilia ikiwa hai. Mimi nilikuwa nikiipa 1,400 kwa ustadi mkubwa. Mizunguko yangu ilikuwa sahihi kwa gia iliyokuwa kichwani mwangu, na giaboksi ilikuwa sahihi kuikataa.

Hapa ndipo ninapotofautiana na maelezo ambayo wachezaji hupeana mara kwa mara, kwamba anayekosa gia aongeze mazoezi ya mguu au anunue vifaa vya bei kubwa zaidi. Mguu wangu mara ya tatu haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika kifaa kisichoniambia hali yake. Katika lori halisi swichi ya kundi ni kijiti kinachobaki juu au kinachobaki chini, kiko mbele ya kichwa cha leva, na kidole kinakigusa hata gizani; dereva hakumbuki kundi, bali analigusa. Tena kiko katika mkono uleule unaosogeza leva. Mimi nilikuwa nimegawa kazi moja kati ya mikono miwili, kundi kwa kidole cha kushoto kwenye usukani na nafasi kwa mkono wa kulia kwenye leva, na kuutegemea ubongo uunganishe. Kuna jingine ambalo mjomba alilieleza kwa kunionyesha na kiganja: swichi ya kundi hugeuzwa mapema, leva ikiwa bado ndani ya gia ya zamani, na kundi lenyewe hubadilika pale leva inapopita katika gia huru. Upepo unapewa nafasi ya kufanya kazi yake wakati mkono unasafiri. Mimi nilikuwa nikigeuza swichi nikiwa tayari katika gia huru, wakati kila sekunde ilikuwa na bei ya kilomita mbili.

Mjomba alikuwa na swali la pili, nalo liliniumiza zaidi kuliko la kitufe. Aliuliza nilikuwa naenda wapi na gia ya tano, wakati injini haijalalamika.

Nilipiga hesabu baadaye. Lori la tani 36 kwenye mlima wa asilimia 6 linahitaji nguvu ya kuvuta ya niutoni 23,500 hivi, ukijumlisha ukinzani wa matairi. Injini ya farasi 450, baada ya kupoteza kidogo katika giaboksi na difu, inaweza kulishikilia lori hilo kwenye kilomita 45 hivi kwa saa. Mimi nilikuwa kwenye 43, katika 6C, mizunguko 1,300, ambapo injini kubwa za dizeli za aina hii ziko karibu kabisa na mahali pa nguvu zake nyingi za kusokota. Nilichotakiwa kufanya ni kubaki pale na kukanyaga mafuta hadi mwisho. Lori lingejishikilia lenyewe. Hata baadaye, nilipokuwa nimeshuka hadi kilomita 31 katika gia huru, 5C ingedai mizunguko 1,310 tu, na kwa kuifikia sikuhitaji kugusa kundi kabisa. Badala yake nilichagua badiliko gumu kuliko yote katika giaboksi ile, la kuvuka kutoka kundi la juu kwenda la chini, ambapo leva inasafiri kwa mshazari, swichi ya kundi inashuka, na mguu unatafuta mizunguko mipya, yote kwa pamoja. Katika kupangua gia moja moja, 5C kwenda 4J, hata swichi ya nusu huongezeka katika orodha hiyo. Mjomba anasema Kitonga, mlima ulio kwenye njia ya Tunduma, hufundisha jambo hili siku ya kwanza: gia ya mlima huchaguliwa chini ya mlima, na mahali pa kuvuka kundi ni kwenye tambarare, si katikati ya kona.

Nakiri kwamba kabla ya kisa hiki niliamini kuwa uhalisia wa gia katika simuleta ni suala la leva nzito na pedali yenye springi ngumu. Sasa naupima kwa maswali mawili. Je, giaboksi ina uwezo wa kukataa? Na je, ninaweza kujua swichi zangu ziko wapi bila kutazama skrini? Leva nyepesi ya plastiki inayotimiza hayo mawili inafundisha zaidi kuliko ya chuma isiyoyatimiza. Kwa mtu anayecheza na malori ya Ulaya, yenye sinkro, swali la kwanza lina uzito mdogo na mipangilio ya kawaida inamtosha. La pili linamhusu vilevile, kwa kuwa Scania ya mjomba nayo ilikuwa na kundi la chini na la juu.

Marekebisho niliyofanya yalikuwa machache. Niliondoa kitufe cha usukani katika kazi ya kundi na kufunga swichi mbili ndogo za kubaki mahali pake kwenye kichwa cha leva, moja mbele kwa kundi na moja pembeni kwa nusu, kwa waya na kisanduku kidogo cha vitufe kinachotambulika na kompyuta. Katika mipangilio ya mchezo nilibadilisha amri ya kugeuza iwe amri ya kushikilia, ili swichi ikiwa chini kundi liwe chini daima, hata kama mchezo umefunguliwa upya. Pedali ya klachi niliiwekea kizuizi cha mpira ili mguu uzoee kuishia katikati. Hakuna kilichobadilika katika usukani wala kompyuta.

Kisha nilirudi kwenye mlima uleule na mzigo uleule. Nilifika chini yake nikiwa 7C kwenye kilomita 69 na mizunguko 1,500, nikashusha nusu moja moja bila haraka, kila mara kabla mizunguko haijapita 1,300 kwenda chini, na nilipofika 6C nikaacha leva. Mwendo ulishuka hadi kilomita 45, ukatulia hapo. Mjomba alikaa kwenye kiti kwa zamu yake, na kwa dakika chache za kwanza mkono wake wa kushoto ulikuwa ukishuka kutafuta leva iliyokuwa upande wa kulia. Aliingia handakini bila gia kusaga hata mara moja. Mimi badiliko la 5C kwenda 4J ninalifanyia mazoezi kwenye tambarare za Nevada, lori likiwa halina tela, na kwa sasa gia inaingia mara saba au nane katika kila mara kumi.